Marais wa Texas: kimsingi ni ugomvi wa watu wawili

Kila nikifundisha kipindi hiki nikasema Texas ilikuwa nchi yenye marais wake, wanafunzi wananiangalia kama nawapiga kamba. Ilikuwa nchi kweli, tangu 1836 ilipojitoa Meksiko hadi ilipomezwa na Marekani, miaka 10 hivi. Na majina usihangaike kuyakariri, we fuata ugomvi wa Sam Houston na Mirabeau Lamar.

Kabla yao alikuwepo David Burnet, rais wa muda, jeshi halimsikilizi kabisa. Alisaini mkataba na Santa Anna, mkuu wa Meksiko aliyekamatwa baada ya vita ya San Jacinto, akampandisha meli arudi kwao, askari wakaja wakamshusha. Rais gani huyo sasa?

Septemba 1836 wakapiga kura, Houston akapata 5,119 na Stephen Austin, yule aliyewaleta walowezi wenyewe, akaambulia 587. Houston aliona hela hamna, kwahiyo punguza askari, kaa vizuri na Wacherokee, wenyeji wa asili (aliishi nao tangu ujana, wakamwita Kunguru), alafu omba kujiunga na Marekani. Marekani ikaitambua 1837 ila kuichukua ikasita, moja ya sababu ni kwamba kule kaskazini hawakutaka jimbo lingine la watumwa. Na hapa ndo wengi wanaruka: katiba ya 1836 ilimkataza hata mtu mweusi aliye huru kuishi Texas bila ruhusa ya bunge!

Katiba hiyohiyo ilizuia vipindi viwili mfululizo, so 1838 akaingia Lamar, tena kiulaini, maana wapinzani wake wawili walikufa kabla ya uchaguzi, mmoja alijiua mwingine akazama ghuba ya Galveston. Siku ya kuapishwa Houston akaja kavaa kama George Washington akaaga kwa masaa kama 3, Lamar akachoka hadi hotuba yake akasomewa na katibu.

Lamar alikuwa mshairi, na aliendesha nchi kishairi. Kujiunga na Marekani hataki, anataka himaya itakayofika bahari ya Pasifiki. 1839 akawatimua Wacherokee, chifu wao Bowles, mzee wa miaka zaidi ya 80, akauawa. 1841 akatuma msafara Santa Fe, mji uliokuwa chini ya Meksiko, wote wakakamatwa. Akachapisha noti mpaka dola moja ikashuka chini ya senti 20, deni likazidi mara mbili. Ila haki yake nampa, ardhi ya kusomeshea watoto aliitenga yeye.

Houston akarudi kubana matumizi. 1842 alipotuma watu wahamishe nyaraka za serikali kutoka Austin, mji mkuu wa enzi ya Lamar, mama mwenye nyumba ya wageni, Angelina Eberly, akawafyatulia mzinga.

Rais wa mwisho alikuwa daktari Anson Jones. Februari 19, 1846 akashusha bendera ya nchi Texas ikawa jimbo la Marekani, akitegemea useneta huko. Wakampeleka Houston.