Bibi yako yuko kwa kemo? Nunua thermometa kwanza, juisi baadaye

Oktoba imefika, kila ofisi hapa Nairobi imevaa pinki na sisi wa kitengo cha saratani tunaitwa huku na kule kuongea juu ya kujipima matiti, sawa, lakini malalamiko tunayosikia sana siku hizi yanatoka kwa mabwana na mabibi wa wagonjwa, ati walirudishiwa mtu nyumbani na karatasi ya tarehe ya kurudi, basi. Kiasi ni kweli. Kliniki imejaa na nesi ni wachache. Leo naongea na wewe unayelala naye kitanda kimoja.

Na ndio, lala naye kitanda kimoja. Kansa haiambukizi, nimechoka kusikia mzee amehamia kwa kochi "juu ya dawa." Cha kuangalia ni mkojo, choo kubwa na matapishi, masaa 48 baada ya kila kemo, yaani dawa ya kuua kansa, kwa sababu dawa inatoka na hizo njia. Vaa glavu ukipanguza, funika choo uflashi mara mbili, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Kama choo ni ya ploti haina flashi, mwaga maji ya kutosha, kisha mwaga tena. Mkitaka tendo la ndoa tumieni kondomu, na mimba isiingie kabisa wakati huu. Halafu ile dawa nyekundu, doksorubisini, inageuza mkojo mwekundu siku moja au mbili. Hiyo si damu, msikimbie kazualti.

Kitu ya kukimbia nayo usiku ni homa. Kemo inapiga seli zote zinazokua haraka, ndio maana nywele zinatoka, mdomo unafanya vidonda na tumbo linaharibika, lakini pia inapiga chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa, na hizi kwa dawa nyingi zinashuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 ukihesabu tangu siku ya kemo. Hapo mtu anaweza kuwa na maambukizi ya damu na dalili ni joto tu. Thermometa ikisoma 38, hiyo ni emajensi, hata kama ni saa nane usiku na anakwambia ako sawa. Ukipima kwapani inasoma chini kidogo, kwa hivyo 37.5 rudia baada ya saa moja. Akitetemeka usingoje namba yoyote.

Usimpe Panadol kwanza! Inashusha joto, ugonjwa unabaki, na asubuhi mnakuja tumechelewa. Wala usiende kemisti kununua dawa ya taifodi kwa kukisia, kwani lazima kila homa iwe taifodi? Beba kitabu chake cha kemo na kitambulisho, usikae kwa foleni, nenda moja kwa moja kwa nesi anayepokea useme maneno haya: "Yuko kwa kemo, leo ni siku ya 9." Hiyo siku ndio inatusaidia, maana antibayotiki ya dripu inafaa ianze ndani ya saa moja.

Mambo ya SHA sasa, bima ya afya ya serikali, maana hapa ndipo watu wananipigia kelele. NHIF, ile bima ya kwanza, iliisha Oktoba 2024, kadi ya zamani haina kazi. Hakikisha kwa *147# kwamba wewe na yeye mko kwa rejista na mchango uko hai, mfanyabiashara analipa wa mwaka mzima kwa pamoja, ukikatika sistemu haitoi idhini na utaambiwa ulipe kesh. Idhini iombwe kabla ya kila raundi, na pesa ya saratani inahesabiwa kwa nyumba nzima, kwa hivyo uliza salio mapema. Damu nayo ipimwe kabla, bila hiyo hatuchanganyi dawa, hata ukiwa umetoka Kitui.

Chakula, usimlazimishe ugali. Vitu baridi havinuki sana: maziwa yaliyochemshwa, ndizi, uji uliopoa. Dawa ya kuzuia kutapika apewe ilivyoandikwa, si mpaka aanze kutapika. Mdomo asukutue na chumvi na baking soda kwa maji ya uvuguvugu. Kachumbari na mutura ya barabarani ziache kidogo. Na ile chupa ya mitishamba shemeji alileta, usimfiche daktari, ilete kliniki tuione.