Goti Linalouma Usiku

Mzazi akiniletea mtoto anayelalamika goti, swali langu la kwanza si "aliangukaje?" Nauliza, "analala?" Goti lililoteguka hupata nafuu likipumzishwa. Uvimbe wa saratani hauna mapumziko: mtoto anashinda amekaa bila kugusa mpira, na bado saa nane usiku anaamka analia.

Mwanzoni mwa mwaka jana aliletwa kliniki kijana wa miaka 14. Juu kidogo ya goti la kushoto ngozi ilikuwa imevutika hadi inang'aa, mishipa ya damu imejichora juu yake, na pembeni kulikuwa na mistari midogo ya wembe, mingine bado ina magaga. "Tulijua ameteguka, daktari," mama yake aliniambia. "Alianguka uwanjani." Kwa miezi mitano alikandwa kwa maji ya moto, akachuliwa kwa mafuta, mwisho akachanjwa. Zahanati moja ilimpa dawa za maumivu mara tatu, na hakuna aliyemwandikia picha. Mama huyo simlaumu hata kidogo, maana kila alipoambiwa aende, alikwenda.

Nilipoiweka picha ya eksirei kwenye taa, mfupa wa paja karibu na goti ulikuwa umeliwa ndani, na nje yake nyuzi za mfupa mpya zimetawanyika kama miale ya jua. Kwenye ukingo wa uvimbe, utando unaofunika mfupa ulikuwa umenyanyuka ukaacha pembe ndogo, ile tunayoiita kwa jina la Ernest Codman, daktari wa Boston. Ilikuwa na sura yote ya osteosakoma.

Hiyo ndiyo saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana, hasa kati ya miaka 10 na 20, wakati wanarefuka kwa kasi. Mara nyingi huanzia pale mfupa unapokua haraka zaidi: mwisho wa paja juu ya goti, muundi chini ya goti, au mkono karibu na bega. Kuanguka hakuileti. Mtoto anaanguka, mguu unatazamwa kwa mara ya kwanza, na uvimbe uliokuwepo tayari unaonekana. Haiambukizi, na kwa watoto wengi hatupati sababu ya kumnyooshea mtu kidole.

Picha pekee haitoshi kuanza tiba. Lazima tuchukue kinyama kikapimwe maabara, na hapa naomba nieleweke vizuri. Sindano au kisu kinapopita, chembe za saratani zinaweza kubaki njiani, kwa hiyo njia hiyo yote inapaswa kuondolewa siku ya upasuaji mkubwa. Ndiyo maana kinyama kichukuliwe na timu itakayomfanyia mgonjwa upasuaji, au kwa maelekezo yake, kwenye mstari ambao kisu kitapita baadaye, na baada ya picha ya MRI kupigwa. Niliwahi kupokea binti aliyechukuliwa kinyama kwingine kwa chale iliyokatwa kulizunguka paja. Mguu ule ungeweza kuokolewa, lakini ilitubidi kuukata. Bado naikumbuka kovu ile.

Na sasa niseme kuhusu maneno ninayoyasikia kila wiki: "Saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Siyacheki, kwa sababu yana chimbuko. Kabla ya miaka ya 1970, tiba ilikuwa kukata mguu basi, na karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walifariki hata hivyo, mara nyingi kwa saratani iliyoibuka mapafuni miezi michache baadaye. Jirani aliyeona hayo atasema nini zaidi ya kukilaumu kisu? Ukweli ni kwamba mbegu za saratani zilikuwa zimeshafika mapafuni, ndogo mno kuonekana kwenye picha yoyote. Kisu kiliondoa uvimbe wa mguuni, kikaziacha mbegu. Kinachozifuata huko ni dawa zinazopita kwenye damu.

Dawa zilipoingia, hesabu ikageuka. Ugonjwa ukikutwa haujaonekana kwingine, na tiba ikakamilika, takriban wagonjwa 6 hadi 7 kati ya 10 wanapona. Dawa tatu kuu ni methotreksati, doksorubisini na sisiplatini. Methotreksati ya dozi kubwa inahitaji kupimwa kiwango chake kwenye damu, kwa hiyo vituo vingi visivyo na kipimo hicho hutumia zile nyingine mbili. Doksorubisini ndiyo ile dawa nyekundu. Mkojo ukitoka mwekundu siku ile usishtuke, si damu. Tunapima moyo kwa ajili yake, na kwa sisiplatini tunapima figo na masikio.

Wazazi hushangaa tunapoanza na dripu za dawa hizi kabla ya upasuaji. Mpango huu ulizaliwa New York miaka ya 1970. Gerald Rosen na wenzake walitaka kuwawekea wagonjwa mfupa wa chuma badala ya kuwakata mguu, lakini kila chuma kilitengenezwa kwa kipimo cha mtu na kilichukua miezi. Wasingeweza kumwacha mgonjwa akisubiri bure, wakaanza kumpa dawa. Uvimbe ulipotolewa waliona jambo la thamani: maabara ingeweza kuonyesha dawa zimeua kiasi gani. Hadi leo tunatazama asilimia 90. Zikifa chembe kiasi hicho au zaidi, matumaini ni makubwa.

Baada ya wiki kama kumi za dawa ndipo upasuaji. Kama mishipa mikuu ya damu na ya fahamu iko salama, tunaweza kuokoa mguu kwa chuma au kwa mfupa mwingine. Kwa mtoto mdogo kuna upasuaji mmoja ninaoupenda sana, ingawa wazazi wengi wanaukataa wakiona picha: tunatoa sehemu yenye uvimbe pamoja na goti, tunaugeuza mguu wa chini ukatazama nyuma, tunaushikiza kwenye paja. Kifundo cha mguu kinakuwa goti, na mtoto anavaa mguu wa bandia anaouendesha kwa kifundo chake mwenyewe. Wapo wanaokimbia.

Si kila saratani ya mfupa iko hivi. Sakoma ya Ewing inasikia mionzi, osteosakoma haisikii sana. Kondrosakoma ya watu wazima kwa kawaida haisikii dawa wala mionzi, ni kisu. Na mtu wa miaka 60 akiwa na saratani mfupani, mara nyingi imetoka kwingine: matiti, tezi dume, mapafu.

Kijana wangu uvimbe ulikuwa umezunguka mishipa mikuu ya damu. Tulikata juu ya goti. Nilimweleza mwenyewe, mama yake akiwepo, kabla ya kusaini chochote; alinyamaza, kisha akauliza kama ule mguu utaendelea kuuma usiku. Nilimwambia huenda akahisi maumivu ya mguu usiokuwepo, na kwamba yana dawa. Maabara ilionyesha dawa zimeua kama nusu tu ya uvimbe, chini ya nilivyotamani. Alimaliza dripu zote zilizobaki.

Mapafu yake tunayapiga picha kila miezi mitatu, kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kwa nafasi zaidi. Mara ya mwisho alikuja kwa daladala, amesimama njia nzima kwenye mguu wa bandia. Mapafu yalikuwa safi. Picha inayofuata ni mwezi wa tisa.