Mwenyekiti, Mashine ya Moshi Haitoki Leo

Likishasimama lile wingu jeusi juu ya ziwa, simu yangu haipumziki. Jioni taa za Kirumba hapa Mwanza zinafunikwa, asubuhi wadudu wamelala rundo chini ya nguzo, na ujumbe unaanza kumiminika: "Mtaalamu, mbu wametuvamia, leteni mashine ya kupuliza moshi wa dawa." Safari hii ni mwenyekiti wa mtaa, na ujumbe mrefu wa sauti wa kunilaumu. Shikamoo yangu anayo, ni mzee wangu. Lakini wale si mbu, ni wadudu wa ziwani wanaofanana na mbu.

Chukua mmoja umweke kiganjani, umtafute mrija mdomoni. Hana. Hana cha kukuchomea. Wanaibuka ziwani kwa kufuata mwezi, hasa siku za mwandamo, wanapandana, wanataga, wanakufa. Wakikuingia puani utakereka, basi.

Hata wangekuwa mbu kweli, hoja ingebaki mbovu: mbu ni wengi, kwa hiyo tupulize. Hii ndiyo imenichosha. Anayekuimbia sikioni usiku pale Mabatini au Igogo mara nyingi ni Kuleksi, mwana wa mitaro iliyoziba, mashimo ya vyoo na maji machafu ya mto Mirongo. Anauma, ananyima watu usingizi, ila malaria hana. Ya malaria ni ya Anofelesi, na huyo hajitangazi. Nenda Misungwi kwenye majaluba na malambo utamkuta funestus, aina mojawapo ya Anofelesi, mpenda maji yanayotuama yenye majani, ndiyo maana hata kiangazi hatoweki. Unaweza kulala nyumba usiyosikia mbu ukaamka umeambukizwa. Asubuhi angalia ukutani: Kuleksi amelala sambamba na ukuta, Anofelesi ameinamisha kichwa na kunyanyua mkia.

Sasa lile ambalo hakuna kikao kinachotaka kulisikia: umri wa mbu. Mbu haanguliwi akiwa na vimelea vya malaria. Lazima kwanza anyonye damu ya mtu mwenye navyo, kisha vikomae ndani yake mpaka vifike kwenye tezi za mate, na kwa joto letu hiyo ni kama siku 10 hadi 14. Wengi wanakufa kabla. Tupige hesabu. Ikiwa kila siku wanapona 9 katika kila 10, baada ya siku 12 mbu 100 wamebaki kama 28. Ikiwa wanapona 8 katika kila 10, wamebaki 7 hivi. Umepunguza uhai wa siku moja kidogo tu, na robo tatu ya mbu wa hatari hawapo tena. George Macdonald, mtafiti wa malaria, alilionyesha hili miaka ya 1950, na bado tunakaa vikaoni kubishana kana kwamba hakuandika kitu.

Kwa hiyo ukitaka kupambana na mbu wapevu, tafuta kitu kinachomgusa kila anapokuja kula. Anarudi kwenye damu kila baada ya siku 2 au 3. Funestus akishashiba ni mzito, anatua ukutani kusaga, na hapo dawa ukoko, ile inayopuliziwa ukutani ikabaki hapo, inamngoja kwa miezi. Asipofia ukutani leo, atapita tena keshokutwa, na chandarua chenye dawa nacho kipo njiani. Moshi unamuua aliyekuwa hewani dakika ile. Kesho mtaro unatoa wengine. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kwa malaria moshi usitumike, nguvu ziende kwenye ukoko na vyandarua. Na mwenyekiti anautaka saa nne asubuhi, wananchi waone! Saa hiyo ardhi imeshapata joto, hewa inapanda na dawa yote inakwenda zake juu, mbu wenyewe wamelala nyuma ya kabati.

Moshi una mahali pake, nako ni kwenye homa ya dengue. Dar es Salaam waliipata 2014 na tena 2019. Aedesi, mbu wa dengue, anazaliana kwenye matairi na makopo, anauma mchana. Wagonjwa wakianza kurundikana mtaa fulani, mbu wenye virusi wameshakuwa wapevu, na kumwaga makopo leo hakuwagusi. Hapo puliza, asubuhi mapema na jioni, uingie na vyumbani maana ndiko anakopumzika, kisha urudie. Hata hivyo ushahidi kwamba moshi unapunguza wagonjwa ni mwembamba. Tunapuliza pia kwa sababu hatuna kingine cha haraka, na kwa sababu watu wanataka kuona kitu kikifanyika.

Suala la lini. Kwetu vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na malaria inapanda wiki kadhaa baada ya mvua. Dawa ukoko inapaswa kuwa ukutani kabla ya hapo. Ukisubiri zahanati ijae umechelewa, mbu wa hatari wameshakula chumvi yao na vimelea vimeshasambaa kwa watu. Maana yake tunapuliza wakati mbu ni wachache, na wenye nyumba wanatucheka: mnapuliza nini, mbu wako wapi? Mwezi wa mbu wengi wanauliza mko wapi.

Ninachokitilia shaka ni vizingiti. Kwamba mtego wa taa ukitoa mbu kadhaa, puliza. Pungufu ya hapo, tulia. Siviamini. Mtego unabadilika kwa upepo, kwa mwezi, kwa nani amelala chumba kile. Kuna kijiji mtego unatoa Anofelesi wa kuhesabu na vidole, na watoto kila wiki wanakutwa na vimelea. Naishia kwenye vipimo vya zahanati, vinavyonieleza mambo ya wiki zilizopita.

Kuna na usugu, mbu kuzoea dawa isiwaue tena. Kuuliza lini bila kuuliza kwa dawa gani ni kupoteza fedha. Utafiti uliofanyika hapo Misungwi, ukachapishwa 2022, ulionyesha chandarua kilichoongezwa klorofenapiri, dawa nyingine ya mbu, kilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka 2, kikilinganishwa na chandarua cha pairethroidi peke yake, dawa ya kawaida ya vyandarua. Wilaya ile ile, mbu wale wale. Kilichobadilika ni dawa.

Anayenisumbua zaidi ni arabiensis, Anofelesi mwingine. Anauma nje, akikosa mtu anakwenda kwa ng'ombe, na ukutani hatui sana. Mvuvi wa dagaa kazi yake ni usiku wa giza, anakesha mwaloni au majini, hana ukuta wa kupulizia wala pa kutundika chandarua. Dawa za kujipaka zipo. Nani atamnunulia kila wiki, hilo hakuna aliyeliweka kwenye bajeti.