Je, wajua kwa nini mbwembwe huizeesha ndege kuliko miaka?

Kuanzia mwaka 1937, watu wa Kisumu, Kenya, na Port Bell, Uganda, waliona ndege kubwa zikitua juu ya maji ya Ziwa Victoria. Ziliitwa Short Empire, nazo zilibeba abiria na barua kati ya Uingereza na Durban. Ziliundwa 42. Leo haijabaki hata moja.

Huzikumbuka kila ninapoona picha za maonesho ya ndege ya Ulaya na Marekani. Ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyingine zimebaki chache mno, hulazwa ubavu, hubinuliwa na kuzungushwa duara la wima, juu hadi chini, ili watu washangilie. Ni sawa kuzifanyia hivyo?

Jibu limo ndani ya bawa. Chukua kipande cha waya. Ukiupinda kidogo kidogo, utachoka wewe kabla yake. Ukiukunja kwa nguvu, mara chache tu, umekatika. Alumini ya bawa iko hivyohivyo: ufa usioonekana kwa macho huanzia kwenye tundu la ribiti, yaani pini inayoshikanisha mabati, kisha hukua kila bawa linapoelemewa. Huo ndio uchovu wa metali. Na hapa ndipo wengi hukosea hesabu: mzigo ukiongezeka mara mbili, uhai wa bawa haupungui nusu, hupungua zaidi ya hapo, tena sana.

Mzigo huo unatoka wapi, na ndege ni ileile? Aliyepanda pembea anajua. Ukifika chini, mwili huwa mzito. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya wakati wa vita hivyo, ina uzito wa tani 3 hivi. Ikikata kona huku imelala nyuzi 60 bila kushuka, mabawa hubeba tani 6. Rubani akiivuta kwa nguvu zaidi kuingia kwenye duara, zinaweza kufika 12.

Fundi wa mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ataelewa upesi. Mbao zilizochoka hazipelekwi kupigana na mawimbi.

Tena si lazima bawa livunjike. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, jeti kongwe aina ya Hawker Hunter iliingia kwenye duara ikiwa na mwendo mdogo, ikafika juu bila kimo cha kutosha, ikaangukia barabarani. Walikufa watu 11. Mwaka 1996, karibu na Manchester, Mosquito, ndege ya kivita ya mbao, ilianguka ikiwa kwenye maonesho na kuua wawili waliokuwamo. Mosquito nyingine haikuruka tena hadi 2012, baada ya kufufuliwa New Zealand.

Wapo wanaosema ndege haikuundwa ikae bandani. Nakubaliana nao: ikiruka, mafundi hawasahau kazi yao, na mtoto husikia mngurumo ambao makumbusho hayawezi kumpa. Lakini mngurumo ni uleule ndege ikipita taratibu. Lancaster, ndege za mabomu za vita hivyo, ziliundwa zaidi ya 7,300, zinazoruka ni mbili, na ile ya jeshi la anga la Uingereza hurushwa kwa upole mkubwa. Watu bado hujaa kuitazama.

Laiti ingebaki Short Empire moja, nisingetaka ibinuliwe. Ningefunga safari hadi Kisumu kuiona ikishuka polepole asubuhi, ziwa likiwa shwari, hadi tumbo lake liguse maji.