Kokaini Haina Methadoni

Pwani ya Afrika Mashariki iliizoea heroini kabla ya kuijua kokaini vizuri. Aliyekulia Tanga, Mombasa, Unguja au Kinondoni hahitaji kusimuliwa arosto: jasho, makamasi, kuhara, mifupa inauma, mtu anajikunja kitandani. Kwa hiyo familia inapogundua kwamba kijana wao anatumia kokaini, inamtazama kwa macho yale yale. Mitaani zote mbili huitwa unga. Lakini heroini inaupoza mwili, kokaini inaupandisha, na kuacha moja hakufanani na kuacha nyingine. Makosa mengi yanayosemwa kuhusu tiba ya kokaini, ukiyafuatilia, ni mambo ya kweli ya heroini yaliyopelekwa mahali pasipo pake.

“Hana arosto, basi bado hajawa teja.”

Arosto anayo, ila haitoki puani wala tumboni. Mtu aliyekesha usiku mmoja au mitatu akitumia kokaini huanguka ghafla inapokwisha. Analala mchana kutwa, akiamka anakula kama aliyekuwa amefunga, kisha analala tena. Ndoto zinamsumbua. Hana raha na chochote, hata mpira aliokuwa haukosi. Nyumbani wanafurahi: amelala, amekula, anaanza kunenepa! Kumbe hicho ndicho kipindi ambacho mawazo ya kujiua humjia mtu wa kokaini, na anakuwa peke yake chumbani mlango umefungwa kwa sababu “anapumzika”. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na akijibu ndiyo, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

“Wiki moja ya kutolewa sumu inatosha.”

Hii ndiyo dhana inayokula pesa nyingi za watu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kokaini haikai mwilini. Kiasi kilichomo kwenye damu hupungua nusu kwa takriban saa moja. Masalia yake huonekana kwenye mkojo kwa siku 2 hadi 4, na zaidi kidogo kwa aliyekuwa akitumia kwa wingi. Ini na figo hufanya kazi hiyo bila kusaidiwa na dripu, mkaa, juisi ya limao wala unga wa mlonge. Anayekuuzia “kusafisha damu” anakuuzia kitu ambacho mwili ulikuwa unakifanya bure.

Je, siku hizo za mwanzo chini ya daktari hazina maana? Zina maana kubwa, ila kwa sababu nyingine. Daktari anaangalia moyo, maana kokaini hubana mishipa na inaweza kuleta shambulio la moyo hata kwa kijana wa miaka 25. Anaangalia akili, maana wengine hufika wakiwa wanashuku kila mtu na kusikia sauti. Na anauliza swali ambalo familia nyingi hulikwepa: kingine anatumia nini? Watumiaji wengi wa kokaini hunywa pombe pamoja nayo, na vikikutana mwilini ini hutengeneza kemikali ya tatu, kokaethilini, inayokaa muda mrefu kuliko kokaini na kuuelemea moyo zaidi. Kuacha kokaini ghafla kwa kawaida hakumuui mtu kwa arosto. Kuacha pombe ghafla, kwa aliyezoea kunywa sana kila siku, kunaweza kuleta degedege, kuweweseka na kifo. Valiamu na dawa nyingine za kutuliza za aina yake ni hivyo hivyo. Ukimficha daktari chupa ukamtajia unga tu, umemnyima habari iliyokuwa na hatari kubwa zaidi.

Baada ya siku hizo ndipo shughuli inapoanza. Mapema miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu walioacha kokaini, wakakuta vipokezi (sehemu za chembe zinazopokea kemikali) vya dopamini, kemikali inayohusika na raha na hamu, vikiwa bado pungufu hata baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2001 utafiti wa panya waliozoeshwa kujipa kokaini ulionyesha jambo gumu zaidi: hamu inayoamshwa na ishara, yaani taa au sauti waliyoizoea wakati wa kupata dawa, iliongezeka katika wiki za mwanzo za kuacha badala ya kupungua. Panya si binadamu, nakubali. Ila waulize waliowahi kuacha, watakwambia wiki ya pili na mwezi wa pili ulikuwa mgumu kuliko siku ya tatu. Kumrudisha mtu nyumbani siku ya saba, kwenye mtaa ule ule na simu ile ile yenye namba zile zile, ni kumtoa pale ambapo mtihani wake unakaribia. Taasisi ya Marekani inayotafiti uraibu, NIDA, husema matibabu ya chini ya siku 90 huwa na faida ndogo. Si lazima siku zote hizo ziwe za kulala kituoni. Nyingi zinaweza kuwa za kuhudhuria ukitokea nyumbani.

“Apelekwe kwenye methadoni.”

Methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya heroini, imeokoa watu wengi pwani, na wanaoibeza wanakosea. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, kwanza Mathari jijini Nairobi kisha Malindi. Lakini methadoni inafanya kazi kwa sababu inakaa kwenye vipokezi vile vile vinavyoshikwa na heroini. Kokaini haipiti huko. Yenyewe huzuia dopamini isirudi kwenye chembe ilikotoka, ikabaki imejaa nje. Mtu anayetumia heroini na kokaini pamoja anaweza kupewa methadoni kwa ajili ya heroini, na sehemu ya kokaini ikabaki vile vile mpaka itibiwe kivyake.

Hadi leo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha dawa hata moja ya uraibu wa kokaini. Zimejaribiwa disulfiramu, topiramati, modafinili, dawa za sonona, hata chanjo. Daktari anaweza kukupa dawa ya sonona kwa sababu una sonona, au ya usingizi kwa sababu hulali. Anayetangaza sindano ya “kukata kokaini” muulize jina la dawa iliyomo, kisha mpelekee mfamasia jina hilo.

Kubadilisha sumu moja kwa nyingine nako kuna historia ndefu. Mwaka 1884 daktari Sigmund Freud aliisifu kokaini kuwa ni tiba ya uraibu wa mofini, akampa rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow, ambaye aliishia na uraibu wa zote mbili. Miaka miwili baadaye daktari mpasuaji wa Marekani, William Halsted, alilazwa katika hospitali ya Butler, mjini Providence, kwa uraibu wa kokaini. Alitoka na mofini, akaishi nayo maisha yake yote huku akiwa miongoni mwa wapasuaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Siku hizi anayeacha kokaini huambiwa avute bangi kidogo au ale mirungi, “angalau si unga”. Mirungi ni kichangamsho nayo. Na pombe hulegeza azimio, halafu mkono unaitafuta simu.

“Kama hakuna dawa, basi huko ni maneno matupu.”

Tiba iliyoonyesha matokeo bora kwa kokaini haimo kwenye chupa, na watu wengi wakiisikia mara ya kwanza hucheka. Mgonjwa analipwa.

Stephen Higgins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont waliijaribu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa alipima mkojo mara kadhaa kwa wiki. Kila kipimo kisicho na kokaini kilimpa vocha, na thamani ilipanda kadiri alivyounganisha vipimo safi. Akikosea mara moja, anarudi kwenye kiwango cha mwanzo. Hakupewa pesa taslimu. Vocha zilinunua vitu vya maisha yasiyo na kokaini. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994, asilimia 75 ya waliopewa vocha walimaliza wiki 24 za matibabu, dhidi ya asilimia 40 ya waliopata ushauri ule ule bila vocha. Baadaye Nancy Petry wa Connecticut akapunguza gharama kwa bahati nasibu: mgonjwa aliye safi anachomoa karatasi bakulini, nyingi zina maneno ya pongezi tu, chache zina zawadi. Hospitali za maveterani wa Marekani zinatumia njia hii tangu 2011, na California iliiingiza kwenye bima yake ya umma mwaka 2023.

Najua pingamizi: kwa nini tumlipe mtu kwa kuacha ubaya? Ningemwuliza anayesema hivyo ameshalipa kiasi gani hadi sasa, akihesabu televisheni iliyouzwa, dhamana ya polisi na deni la dukani. Zawadi ndogo ya leo inashindana na kokaini ya leo. Tishio la jela ya mwakani haliwezi.

Sambamba na hayo kuna ushauri nasaha wa kitabia, ambao ukifanywa sawasawa hauna mahubiri ndani yake. Mshauri na mgonjwa wanakaa kuchambua: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, pesa ilitoka wapi? Kwa wengi jibu ni siku ya mshahara. Basi mshahara unaingia kwa dada yake kwa miezi ya mwanzo, laini ya simu inabadilishwa, Ijumaa jioni inapangiwa kazi nyingine.

“Afungiwe mpaka akili imrudie.”

Kumsukuma na kumfunga minyororo ni mambo mawili. Aliyeletwa na shinikizo la mama, mwajiri au hakimu anaweza kufaidika na matibabu kama aliyekuja mwenyewe, hivyo hakuna haja ya kungoja “afike chini kabisa”. Lakini mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja mwaka 2012 yakitaka vituo vya kuwazuia waraibu kwa nguvu vifungwe. Soba zetu, yaani nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha, zimetofautiana mno. Kabla ya kulipa, uliza kama daktari huja, kama wanapima VVU, homa ya ini na kifua kikuu, kama ndugu wanaruhusiwa kumwona mgonjwa faraghani, kama kuna kipigo, na nani atamfuatilia akishatoka. Kenya unaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na kuuliza kama kituo kimesajiliwa.

“Amerudia, pesa yetu imeliwa.”

NIDA inakadiria kwamba asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani, kiwango ambacho hakipishani sana na cha wenye presha au pumu wanaoacha masharti ya daktari. Presha ikipanda tena hatumfukuzi mgonjwa nyumbani. Tunarudi kliniki.

Kwa ndugu walioko Marekani na Kanada kuna jambo la ziada. Huko kokaini ya mtaani mara nyingine hukutwa na fentanili, dawa yenye nguvu nyingi kuliko heroini, na mtu ambaye mwili wake haujawahi kuizoea dawa ya jamii ya heroini anaweza kufa kwa dozi ndogo. Naloksoni, dawa ya dharura ya kupuliza puani, haiigusi kokaini yenyewe, lakini huzima nguvu ya fentanili. Mtu akikutwa hapumui vizuri baada ya kunusa, apewe hata kama anaapa hajawahi kugusa heroini, na gari la wagonjwa liitwe, kwa sababu naloksoni inaweza kuisha nguvu kabla ya fentanili.