Gharika haijengi kichuguu

Ukianza tu habari za yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa Lindi ambaye mifupa yake iko Berlin, hapa Dar hakosekani mtu wa kusema: hiyo ni gharika ya Nuhu, ndiyo maana kule Lindi kombe za baharini zimekutwa nchi kavu pamoja na mifupa. Nimelisikia kanisani, kwenye daladala, hata kwa walimu wa sayansi. Mimi ni Mkristo na sivunji imani ya mtu. Ninachotetea ni miamba.

Lililo kweli nalikubali. Mzoga ukibaki juani, fisi na jua huumaliza. Ukizikwa haraka na tope, unaweza kugeuka jiwe. Hapa Dar, bonde la Jangwani, tunaliona kila mto Msimbazi ukifurika: usiku mmoja, vitu vimefukiwa. Kwa hiyo anayesema "kisukuku hiki kilizikwa na maji" mara nyingi yuko sahihi. Anapotea pale anapoyafanya mafuriko yote kuwa moja.

Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, na hawakukuta rundo lililovurugwa. Walikuta matabaka matatu ya mifupa ya dinosaria, na katikati yake mawe ya mchanga wa baharini yenye kombe. Bahari ilipanda, ikarudi, ikapanda tena, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mijusi ile ilikufaje kwa wingi vile? Wataalamu bado wanabishana: ukame, au kunasa kwenye tope. Sifichi. Lakini ubishi huo haugusi mpangilio wa matabaka.

Kinachonikera hasa ni watu kuiruka Laetoli, kule Ngorongoro. Nyayo za binadamu wa kale zilizogunduliwa 1978 kila mtu anazijua. Jiwe lenyewe hawaliangalii. Ni majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66, unene wake karibu sentimita 15, tabaka jembamba juu ya jembamba. Lisogelee: kuna vishimo vidogo vya duara, alama za matone ya mvua. Hapo hapo kanga kapita, sungura kapita, tembo kapita. Majivu yakalowa, yakashikana, mengine yakaanguka juu yake, na wanyama wakapita tena. Hebu nielezwe tone la mvua linachongaje kishimo chini ya maji yaliyofunika milima.

Si hayo tu. Kwenye matabaka ya Laetoli, ambayo unene wake unapita mita 100, kuna vichuguu vya mchwa na vijumba vya nyuki wa ardhini vilivyogeuka mawe. Mwanzo inasema maji yalitawala juu ya nchi siku 150. Mchwa waliujenga ufalme wao lini, na nyuki walilelea wapi watoto wao?

Kama Laetoli ni mbali, nenda Coco Beach maji yakiwa yamekupwa. Ule mwamba wa pwani ni matumbawe ya kale, na tumbawe kubwa la mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Chukua futi kamba, pima, uone ilihitajika miaka mingapi, halafu njoo tubishane.