Bwana Miti Asiyekata Hana Msitu

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, vijana huniuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya misitu. Wengi wao wanawaza jambo moja tu: kupanda. Lakini kupanda huchukua wiki chache za mvua, na mti utakaa shambani miaka mingi baada ya hapo. Kinachomtofautisha bwana miti na mtu yeyote aliyewahi kupanda mti ni kujua ukatwe upi, lini, na ubaki upi.

Chukua shamba la misindano, yaani paini, huku Mufindi, mkoani Iringa. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua miche 1,111. Ikifika miaka kumi hivi, matawi yamegusana, jua halifiki chini, na kila mti unagombea maji na mwanga na jirani yake. Ukiiacha yote utapata miti mingi, mirefu na myembamba. Ratiba ambayo wengi wetu tulifundishwa inataka tupunguzie hadi ibaki kama 650, kisha miaka mitano baadaye kama 400, na hiyo ndiyo inayosubiri mavuno ya mbao. Mwenye shamba akisikia hivyo kwa mara ya kwanza hushtuka, na namwelewa kabisa. Mti alioupalilia kwa mikono yake anaambiwa auangushe. Hapo mimi hufungua daftari. Shina lenye kipenyo cha sentimita 30 lina eneo la mkato mara nne ya shina la sentimita 15. Vimo vikilingana, mti huo mmoja una ujazo wa karibu minne myembamba. Tena minne ile itauzwa mirunda, yaani nguzo nyembamba za ujenzi, wakati ule mmoja unapasuliwa mbao.

Kuweka alama ndiko kwenye ujuzi wenyewe. Unapita mstari kwa mstari, unatazama juu kabla ya kutazama shina. Wenye vichwa viwili, uliopinda, uliodumaa, uliochunwa gome: alama. Ila usiufuate ubaya peke yake. Ukiondoa mitatu inayopakana unafungua pengo, na upepo utaingia uangushe iliyobaki. Mara nyingine unauacha mti wa wastani kwa sababu mahali pale hapana mwingine. Linaloniuma ni mashamba ambayo mwenyewe, kwa shida ya ada au ugonjwa, aliuza kwanza miti mizuri kwa kuwa ndiyo mnunuzi aliyoitaka. Kinachobaki ni mibaya, na baadaye mbegu zinaokotwa chini ya hiyo hiyo.

Mbegu, kwa kweli, ndiyo ningeanza nayo kama mada ingekuwa kitalu. Mbegu ya mti mama aliyechaguliwa inagharimu zaidi, lakini kosa la mbegu hulioni mpaka miaka imepita na hakuna wa kumrudishia. Kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, vya misindano tunachanganya udongo uliotolewa chini ya misindano mikubwa, kwa sababu una fangasi wanaoshikamana na mizizi na kuusaidia mche kufyonza virutubisho. Sehemu nyingi za Afrika misindano ya kwanza ilidumaa hadi udongo wa namna hiyo ulipoletwa. Na kabla ya kupeleka miche shambani, punguza maji polepole ikomae. Mche ulionona kitaluni kwa kumwagiliwa kila siku hufa upesi ukikutana na jua kali.

Msimu nao hauna mjadala. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti hapa Tanzania ni tarehe 1 Aprili. Dodoma, ambako mvua huanza karibu na Desemba na kukatika Aprili, mche wa siku hiyo unapata wiki chache tu za unyevu, kisha kiangazi cha miezi zaidi ya sita. Ningependa kila halmashauri ifanye sherehe yake mvua zake zinapoanza. Katika mikoa mikavu namna hiyo, tena, mara nyingi huhitaji mche kabisa. Visiki vilivyokatwa zamani bado vina mizizi hai. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unazuia mifugo. Dodoma wanaiita njia hii kisiki hai. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulirudisha uoto katika zaidi ya hekta 300,000 kwa kuegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho. Hiyo nayo ni kazi ya misitu, na yaliyobeba uzito pale yalikuwa makubaliano ya wanakijiji.

Kuhusu shule: Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilichoanza 1937, kinatoa astashahada na stashahada. Shahada iko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Anayependa mashine na mbao aangalie chuo cha viwanda vya misitu Moshi. Ajira inayofikiriwa kwanza ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambayo sasa inaendeshwa kwa mfumo wa jeshi la uhifadhi, kwa hiyo jiandae kwa mafunzo ya kijeshi na kwa zamu za kiangazi za kulinda moto. Kuna halmashauri, na kuna kampuni za mashamba ya miti Mufindi, Kilolo, Njombe na Ifakara. Nafasi hazitoshi wahitimu wote, na ni heri mlijue hilo mapema.

Lakini kuna kazi ambayo haijashikwa vizuri. Wakulima wadogo wa Njombe, Makete na Mufindi huuza shamba kwa kukadiria kwa macho. Mnunuzi mwenye dingdong, mashine ndogo ya kupasulia mbao, anatembea kidogo, anataja bei, na anajua ujazo kuliko mwenye mali. Kijana mwenye kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), kamba na kifaa cha kupimia kimo anaweza kubadili mazungumzo hayo. Simama katikati, vuta kamba ya mita 11.28, zungusha duara: ndani yake kuna mita za mraba 400. Pima kipenyo cha kila mti kwa mita 1.3 kutoka ardhini, pima vimo vya michache, kokotoa ujazo, zidisha mara 25 upate wa hekta. Rudia kwenye maduara kadhaa yaliyotawanyika shambani, pembezoni na katikati, chukua wastani. Mkulima akienda sokoni na karatasi hiyo anauza kwa mita za ujazo. Ada yako patana naye kwa hekta kabla hujaanza kupima, wala usipokee chochote kutoka kwa mnunuzi.